Desktopu ya ofisi inachukua dakika 9 kuwaka. RAM nimeongeza, bado ni ile ile. Msaada wakuu

Stesheneri ya Kona

Wakuu, habari za jioni.

Nina kaofisi ka stesheneri hapa Morogoro. Nachapa barua na CV, natengeneza kadi za michango, nawajazia watu fomu mtandaoni, natoa kopi. Mashine yangu ni Dell OptiPlex 790, prosesa Core i3-2120. Niliinunua used miaka minne iliyopita ikiwa na RAM GB 4 na hadidiski ya GB 500. Ina Windows 10.

Mwanzoni ilikuwa inaenda vizuri tu. Siku hizi nikiiwasha asubuhi nafagia ofisi, nafuta mashine ya kopi, naagiza chai, chai inakuja, duara bado linazunguka. Jana nimeipima kwa simu: dakika 9 na sekunde 20 mpaka Word ikafunguka. Mteja akija na flashi, nikiichomeka tu kila kitu kinaganda. Anaangalia saa, anachomoa flashi yake, anakwenda kwa jirani.

Fundi wa kwanza alisema Windows imechoka, akapiga Windows upya, elfu kumi na tano. Wiki mbili tu ikarudi palepale. Wa pili akasema tatizo RAM, nikanunua GB 4 nyingine kwa elfu ishirini na tano, tofauti sijaiona. Wa tatu kaniambia nitafute nyingine, hii imeshapitwa na wakati. Kabla sijaingia kwenye laki na ushee, naombeni ushauri. Inaponyeka hii au niitupe?

Chumvi Mbili

Itupie huku kwangu mkuu, nauli juu yangu.

Kijana wa Kale

Usihangaike na mafundi. Shusha programu ya kusafisha rejista (daftari la mipangilio ya Windows), piga skani, utakuta makosa kama 800, futa yote. Kisha andika %temp% kwenye Run, futa kila kitu. Mimi laptop yangu inapaa.

Binti wa Ukonga

@Kijana wa Kale hizo temp sawa, zinarudisha nafasi kama diski C imejaa. Rejista usimwambie mtu afute. Yote kwa pamoja ni ndogo sana ukilinganisha na Windows nzima, ukifuta mistari 800 husikii chochote, lakini ukifuta mmoja usiotakiwa unaweza kuamka na Word haifunguki.

@Stesheneri ya Kona kaka, umeshatumia elfu arobaini kwa kubahatisha. Kabla hujanunua kitu kingine, washa mashine, iache dakika 15 bila kufungua chochote, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itakuja Task Manager. Nenda Performance unipe asilimia ya CPU, ya Memory na ya Disk. Ukibofya Disk, chini kuna mstari umeandikwa Average response time. Namba hiyo naitaka kuliko zote.

Stesheneri ya Kona

Dada, nimefanya ulivyosema.

CPU 11%. Memory 43%. Disk 100%, haishuki. Huo mstari wa response time unacheza kati ya 700 ms na 2,100 ms. Ni nzuri hiyo?

Mpiga Spana

Nzuri? Mkuu, huyo mgonjwa yuko ICU na wewe unamchapisha CV.

Binti wa Ukonga

Ngoja nieleze kidogo, maana wengi wanapotelea hapa.

Prosesa yako imekaa bure, 11%. RAM nayo nusu haijaguswa. Kwa hiyo aliyekuuzia GB 4 hakukuibia, ila alitibu goti wakati jino ndilo linauma. Kinachowasubirisha wote ni hadidiski.

Hadidiski ina sahani inayozunguka na mkono unaosoma. Ya desktopu kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila faili linapotakiwa, mkono unasogea kulifuata kisha unangoja sahani izunguke mpaka pale lilipo. Safari hiyo ni kama milisekunde 12 au 13, kwa hiyo ikiwa nzima na yenye afya inafanya safari kama 80 kwa sekunde. Windows 10 ikiwaka inataka maelfu ya vifaili vidogovidogo vilivyotawanyika kila kona. Ndiyo maana hata hadidiski nzima inaonekana nzito kwenye Windows 10. SSD, diski ya chipu tupu, haina sahani wala mkono, safari yake ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde.

Ila namba zako zimepita uzito wa kawaida. Safari moja kuchukua milisekunde 2,100, zaidi ya sekunde mbili, maana yake kuna sehemu haisomeki, na diski inarudia na kurudia.

Angalizo kwa wanaosoma kimya kimya: RAM ikiwa ndogo, nayo hujitokeza kama Disk 100%, kwa sababu Windows inahamishia kwenye diski vitu vilivyokosa nafasi kwenye RAM. Ukikuta Memory iko 90% na Disk 100%, anza na RAM. Huyu ndugu Memory yake ni 43%, hapo hakuna kisingizio.

Shusha CrystalDiskInfo, ni ya bure. Ifungue utuambie imeandika nini juu, halafu mstari wa 05 na wa C5.

Makadara254

Wadau, niaje. Huku Nairobi tunauziwa hizi mashine kama ex-UK na shida ni hiyo hiyo. Akiwa anangoja, anaweza kuzima SysMain, ile huduma ya Windows ya kupakia programu mapema, kwa Services. Kwa hadidiski inapunguza kelele kidogo.

Mpiga Spana

Kwa diski nzima, sawa. Kwa hii ya kwake ni kumpaka mafuta aliyevunjika mguu.

Stesheneri ya Kona

Nimeipata. Juu imeandika Caution, rangi ya njano. Mstari wa 05 una 000000000138. Wa C5 una 000000000030. Thelathini siyo nyingi sana au?

Mpiga Spana

Mkuu, hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Programu hiyo ikitoka kiwandani inaonyesha hizo namba kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita. 30 yako ni 48 kwa hesabu ya dukani. 138 ni 312.

Maana yake: sekta 312 zimeshakufa na diski ikazihamishia kwenye akiba yake. Nyingine 48 zinagoma kusomeka, zinasubiri hukumu. Hizo 48 ndizo zinakugandisha. Flashi ya mteja haina kosa.

Sasa sikiliza kwa makini:

Usipige chkdsk, ile ya kukagua diski. Usipige defrag, ile ya kupanga mafaili upya. Usiite fundi apige Windows tena. Hayo yote ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo uwanjani. Toa kwanza kazi zako. Anza na zile ambazo huwezi kuzipata tena, picha na kadi za watu, halafu nyaraka, nyimbo mwisho kabisa. Folda ikigoma iruke, endelea na nyingine, utairudia baadaye. Ukimaliza, zima.

Na hiyo Windows aliyokupigia fundi, ulimwona akizima Defender, kinga ya virusi ya Windows?

Stesheneri ya Kona

Alizima. Alisema inazuia kitu chake cha kuiaktiveti kisifanye kazi.

Mpiga Spana

Inazuia kwa sababu inakijua. Si kila kitu cha namna hiyo kina mdudu, lakini kinachokuomba uzime mlinzi ndipo kiingie ndani usikiamini na fomu za watu zenye namba za NIDA. Na hukukihitaji. Ubavuni mwa hiyo Dell kuna kibandiko cha Windows 7 Pro?

Stesheneri ya Kona

Kipo, kimefifia. Na nilipoinunua ilikuwa na Windows 10 iliyokwisha aktivetiwa.

Mpiga Spana

Basi kuna uwezekano mkubwa leseni yako imesajiliwa kwa madabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Ukiweka Windows 10 Pro safi kutoka tovuti ya Microsoft, ukifika pa kuingiza namba chagua kwamba huna, endelea. Ikipata intaneti itajiaktiveti yenyewe. Diski ikibadilika haina neno, madabodi ni ile ile.

Nunua SSD ya GB 240, ya SATA (aina ya tundu la diski), inchi 2.5. Usidanganyike na maneno ya kasi yaliyoandikwa kwenye boksi. Tundu za SATA za zamani, zile za gigabiti 3, zinaishia kama MB 270 kwa sekunde na bado utaona mbingu imefunguka, kwa sababu tulichokosa ni wepesi wa kuchukua vifaili vidogo.

Makadara254

Kwa kununua hapo chunga. Mimi niliuziwa SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ya kutupa. Kuifungua, ndani kuna kadi ya simu imebandikwa na gundi pamoja na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Ilikuwa inajitangaza TB 2, ukipitisha GB 60 inaanza kufuta za mwanzo. Ukinunua yoyote ya jina usilolijua, ijaze kwanza na H2testw ikiwa tupu. Hiyo programu inaandika mpaka mwisho kisha inasoma tena. Uongo unajulikana hapo hapo.

Chumvi Mbili

Kipande cha chuma cha kuongeza uzito 😂😂 Hao watu wana akili, wamekosa ajira tu.

Babu Kifimbo

Vijana, mnamwambia mtu aweke Windows 10 wakati Microsoft walishafunga msaada wake tangu 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwenye prosesa hiyo haitambuliki, inataka kizazi cha 8 cha Intel kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama. Hiyo i3-2120 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Muwekeeni Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure badala ya Windows. Mimi nina Core 2 Duo nyumbani, wajukuu wanafanyia kazi za shule humo humo.

Binti wa Ukonga

Shikamoo babu. Hoja yako ina uzito, na tutaifikia. Ila kwanza diski. Hata Linux ukiiweka juu ya sekta zinazokufa itaganda vilevile.

Babu Kifimbo

Marahaba. Hapo sawa, nimewahi kuisukuma ngoma mbele ya wachezaji.

Stesheneri ya Kona

Wakuu, mrejesho. Utakuwa mrefu, mnisamehe.

Kutoa kazi kumenichukua usiku mzima. GB 58, folda moja ya kadi za harusi imegoma kabisa. Nimekubali.

SSD nimepata kwa elfu sabini. H2testw imesema iko salama. Jumapili nikafunga ofisi, nikafungua mfuniko. Jamani. Vumbi limelala juu ya feni ya prosesa kama blanketi la kijivu, huoni mapengo. Chini ya pawasaplai nikakuta mjusi amekauka, mkia umenyooka, sijui aliingia lini. Nilitoa mashine nje barazani nikaomba blowa kwa jamaa wa simu. Nikashika mapanga ya feni kwa kidole kama nilivyosoma uzi mwingine humu, maana feni ikizungushwa na upepo huo inaharibika. Ile dawa nyeupe chini ya feni ilikuwa imekuwa chokaa, nikaifuta, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Hadidiski ilikuwa kwenye kile kibebeo cha buluu, inatoka bila bisibisi. SSD ni ndogo mno kwa nafasi ile, haishiki popote. Nimeibandika kwa utepe wa pande mbili. Ni vibaya?

Halafu nikaingia BIOS, mipangilio ya madabodi, kwa F2; namna ya kuendesha SATA nikaikuta kwenye RAID On nikaiweka AHCI. Nikaweka Windows kwa flashi niliyoiandaa kwa jirani huyo huyo anayenichukulia wateja.

Kuanzia kubonyeza swichi mpaka desktopu: sekunde 26. Word sekunde 3. Nimezima na kuwasha mara tano, si kwa sababu yoyote, kuangalia tu. Na imejiaktiveti yenyewe, @Mpiga Spana.

Mpiga Spana

Utepe hauna shida, SSD haina kitu kinachotembea. Hadidiski ya zamani uliichomoa wakati wa kuweka Windows, siyo?

Stesheneri ya Kona

Niliichomoa kwa sababu waya ulikuwa mmoja 😅

Mpiga Spana

Bahati imekuokoa. Zikiwa zote mbili, Windows huwa inaweza kuweka mafaili ya kuwashia kwenye ile ya zamani. Siku unaitoa, mashine haiwaki na unaanza kulaumu SSD.

Binti wa Ukonga

Hongera sana kaka. Vitu viwili vidogo. Task Manager, kichupo cha Startup: zima kila kinachojiwasha ambacho hukukiita, acha cha sauti na cha usalama. Na usipige defrag kwenye SSD kwa programu za pembeni, Windows yenyewe inajua namna ya kuitunza.

Kingine, kwa wote: ukizima kwa Shut down huku Fast Startup ikiwa imewashwa, Windows haizimi yote, kiini chake kinahifadhiwa kwenye diski. Ndiyo maana unakuta Up time imeandika siku 19 na wewe unazima kila jioni. Mashine ikianza uchawi, tumia Restart. Hiyo ndiyo inaanza upya kweli.

Kijana wa Kale

Hiyo ya Up time sikuijua. Ya kwangu imeandika siku 64. Nimekaa kimya.

Stesheneri ya Kona

Wakuu, nimerudi na aibu. Jana jioni umeme ulikatika, asubuhi nawasha: skrini ya buluu, INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kabla ya hapo ilinipa maandishi ya Time-of-day not set. Wateja wawili wamesimama mlangoni. SSD imekufa?

Chumvi Mbili

Ule mjusi ameanza kudai haki yake.

Mpiga Spana

SSD nzima. Betri ya saa kwenye madabodi ndiyo imekufa. Umeme ulipokatika ukutani mashine imesahau kila kitu, tarehe na mipangilio ya BIOS pamoja. SATA imerudi RAID On, na Windows yako iliwekwa kwenye AHCI, hawajuani. Ingia F2, rudisha AHCI, weka tarehe, itawaka. Kisha kanunue CR2032, hata mafundi saa wanazo.

Stesheneri ya Kona

IMEWAKA. Betri nimepata kwa fundi saa hapo stendi, elfu mbili. Na nimekumbuka kitu: zamani mara nyingi tovuti zilikuwa zinanigomea, zinasema muunganisho si salama, nikadhani ni bando. Kumbe ni tarehe?

Binti wa Ukonga

Ndiyo. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine ikidhani tuko 2011, kila cheti kinaonekana bado hakijaanza.

Stesheneri ya Kona

Sasa nirudi kwa babu. Shikamoo. Hilo la Windows 10 kufungwa msaada limeninyima usingizi. Nifanyeje?

Babu Kifimbo

Marahaba mwanangu. Njia ni tatu.

Ya kwanza, kuna nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi, inafika Oktoba 2026. Unajiunga ndani ya Windows Update, lazima uwe toleo la 22H2. Kuna ya kulipia dola 30, na kuna ya bure kwa kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Inakununulia muda tu.

Ya pili, kulazimisha Windows 11 kwa Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuwekea Windows. Prosesa yako inaweza, kwa sababu ina maagizo ya SSE4.2 ambayo toleo la 24H2 linayadai. Core 2 Duo yangu hapo imegonga mwamba. Lakini Microsoft hawakuahidi kitu, sasisho kubwa likija unaweza kujikuta unarudia kazi. Kwa mashine ya biashara mimi siipendi.

Ya tatu unaijua. Ila sitakudanganya kama vijana wa Linux wanavyodanganya. Kazi yako ni printa. Kuna printa ndogo za leza ambazo Linux inazichapisha bila kuuliza, na kuna nyingine zitakutoa jasho wiki nzima. Usiweke kwanza. Andaa flashi ya Mint, washa mashine kwa F12, chagua kujaribu bila kuweka. Windows yako haiguswi. Chomeka printa, chapa karatasi moja, fungua kadi moja, jaza fomu moja. Kikigoma kimoja, chomoa flashi, maisha yanaendelea.

Stesheneri ya Kona

Nimejaribu leo mchana, wateja hawapo. Mint imewaka kutoka kwenye flashi, imeona intaneti yenyewe. Fomu zinajazika kwenye kivinjari kama kawaida. Mashine ya kopi inachapisha, rangi nayo sawa. Kadi ndiyo mtihani: nyingi nimezitengeneza Publisher. LibreOffice Draw imezifungua, lakini maandishi ya mikunjo yamehama, jina la bibi harusi limepanda juu ya ua.

Babu Kifimbo

Hapo umeona mwenyewe. Kadi mpya anza kuzitengeneza Draw au Inkscape kuanzia sasa, za zamani zihifadhi kwa PDF ukiwa bado Windows. Publisher yenyewe Microsoft wametangaza msaada wake unaisha Oktoba 2026, kwa hiyo utahama tu, hata ungekuwa na mashine ya jana.

Stesheneri ya Kona

Nimeelewa. Nabaki Windows 10 na ile nyongeza, huku nahamisha kadi mojamoja. Jumla nimetumia elfu sabini na mbili. Za mafundi sizihesabu.

Chumvi Mbili

Mkuu, ile hadidiski ya zamani unauzaje? Nataka niweke muvi.

Stesheneri ya Kona

Asubuhi nimeipima tena, sekta zinazosubiri zimefika 61. Nimeiweka chini ya mlango wa ofisi, upepo wa kutoka Uluguru ulikuwa unaufunga.

Chumvi Mbili

Basi nipe mjusi.